Maandishi ya Njano

Nilitengeneza programu ya kuorodhesha wachimbaji wanaoshuka na kutoka kwenye duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Rwamgasa. Asubuhi moja, nilipomaliza kuingiza majina, yakatokea maandishi ya njano kwenye kioo cha kompyuta. Mama Kulwa, msimamizi wetu, akauliza yanasema nini.

“Hilo ni onyo tu, mama,” nilimjibu, kwa majivuno ya mtu aliyesoma kozi ya miezi mitatu Shinyanga mjini. “Kosa huja kwa rangi nyekundu na programu inasimama. Onyo halisimamishi kitu.”

Ukweli ni kwamba sikuyasoma. Yalikuwa ya Kiingereza, tena marefu.

Siku hiyo walishuka Masanja wawili, mmoja wa Segese, mwingine wa Masumbwe. Alasiri kompyuta ilionyesha wote wametoka, nami nikaagiza mashine ya kupeleka hewa shimoni izimwe. Baadaye kidogo mke wa Masanja wa Segese akaja kumuulizia mumewe.

“Ameshatoka, shemeji. Kompyuta inaonyesha.”

“Mbona kandambili zake ziko hapa?”

Wachimbaji walishuka wakamtoa shimoni amezirai, povu mdomoni. Hadi leo hawezi kusema vizuri. Alipokuwa anapakiwa kwenye gari, Mama Kulwa aliigeuza kompyuta kuelekea kwangu, watu wote wamesimama.

“Mtaalamu, tusomee hayo ya njano. Kwa Kiswahili.”

Nikasoma, mke wa Masanja akinitazama: “Jina Masanja limeingizwa mara mbili. La kwanza limefutwa.”