Daktari Anayengoja Ganzi

Daktari wetu wa mifugo ana mikono mikubwa, kucha amezikata mpaka karibu na nyama. Chupa ya dawa ya ganzi huipasha kwapani kwanza, maana anasema ikiingia baridi inauma. Juzi ng'ombe wangu alishindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya, ikabidi apasuliwe ubavuni akiwa amesimama. Daktari akamdunga kando ya uti wa mgongo, sindano baada ya sindano, huku akimnong'oneza, "Pole, mama. Pole." Kisha akangoja. Shemeji yangu uvumilivu ukamwishia. "Daktari, pasua bwana! Ndama atatufia. Huyu ni ng'ombe, si bibi harusi!"

"Bibi harusi angepiga kelele, tungejua," akajibu taratibu. Akachoma ngozi kwa ncha ya sindano, ngozi ikatetemeka. Akaongeza dawa, akangoja tena, jasho likimtiririka. Mimi nimeshika kamba, namwomba Mungu kimoyomoyo. Alipochoma tena, ngozi haikushtuka. Ndipo akashika kisu. Ubavu ukafunguka, na ng'ombe wangu, Mungu ni mwema, akanyoosha shingo, akavuta majani mkononi mwangu. Alikuwa bado anatafuna wakati ndama alipovutwa nje na kupiga chafya.