Nyumbu wa Verna Hudak

Kila Jumamosi kwa kinyozi lazima atokee mtu wa kuniuliza: "Emil, wewe uliyetunza silaha za jela miaka yote ile, bastola gani ya zamani ilikuwa bora?" Wanazungumzia zile za silinda, za risasi sita, ambazo ukivuta kifyatulio kinyundo kinajiinua chenyewe na kupiga. Wanataka nitaje ile inayong'aa, waliyoiona kwenye sinema. Mimi nawajibu kwa kumtaja Verna Hudak. Basi wananuna, kinyozi anacheka, nami naanza upya kuwasimulia.

Verna alikuja jela ya wilaya mwaka wa sabini na nne, kiwanda cha mashati kilipofungwa. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameshona kola pale, kola mia nne kwa siku. Mumewe, Andy, alikuwa ametolewa mgodini na mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, hawezi kupanda ngazi bila kupumzika mara mbili. Sheria mpya ilitaka wafungwa wanawake walindwe na askari wanawake, na sisi hatukuwa na hata mmoja. Akaajiriwa kwa majaribio, wiki sita. Mwisho wa wiki ya sita kulikuwa na mtihani wa shabaha: risasi sitini, arobaini na nane ziingie ndani ya duara. Ukishindwa, unarudi kwenu. Na kwao hakukuwa na mshahara mwingine.

Mkufunzi wa shabaha alikuwa Sajini Merle Stauffer, mwanamume mzuri wa sura na mwenye kulijua hilo. Alipomwona Verna koridoni siku ya kwanza, alisema kwa sauti ili sote tusikie: "Mama cherehani, hapa hatushoni vifungo."

"Nimeona," Verna akasema. "Chako cha tumboni kimekatika."

Kweli kilikuwa kimekatika. Tangu siku hiyo Sajini hakumsamehe.

Asubuhi ya pili nikamletea Verna bastola tatu mezani kwangu achague. Ya kwanza niliiita Bibi Harusi, pacha wa ile aliyobeba Sajini mwenyewe. Jamani, ilikuwa nzuri! Rangi yake ya samawati iliyoiva hadi kukaribia weusi, mpini wa mti wa jozi, kila kipande kimesuguliwa kwa mkono wa fundi hadi unajiona uso. Ya pili niliiita Chiriku, ndogo, nyepesi, unaisahau kiunoni. Lakini ukiifyatua mara ishirini kiganja kinawaka moto. Ya tatu ilikuwa Nyumbu. Nene, pana, rangi imechujuka ikabaki kijivu cha sufuria kuukuu, mpini una ufa niliouziba kwa gundi. Hakuna askari aliyeitaka. Ilikuwa imekaa kabatini miaka minane.

Verna hakuziangalia sana. Alihakikisha ni tupu, kama nilivyomfundisha, akafumba macho, akazivuta moja moja, polepole, akielekeza kwenye ndoo ya mchanga. Bibi Harusi mara tatu. Chiriku mara moja tu. Nyumbu mara kumi.

"Hii nzuri ya kwanza inaanza laini," akasema, "halafu mwishoni inagoma kidogo, kama mashine inayokutana na mshono mnene. Mkono wangu utaingoja pale. Hii mbaya ni nzito, lakini ina mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nimewaeleza wanaume jambo hilo hilo na wote walichukua inayong'aa.

"Na ipi inadumu?" akauliza.

"Zote zinadumu ukiziheshimu," nikamwambia. "Bibi Harusi anataka adabu, maana vipande vyake vimebanana kama saa. Nyumbu hata usipomheshimu atakuvumilia."

"Basi nipe Nyumbu. Nyumbani kwangu nimezoea kuvumiliana."

Nikamruhusu aende nayo, tupu, pamoja na maganda sita ya risasi zilizokwisha kupigwa ili kinyundo kisigonge hewa. Jumamosi moja nilipita kwao kuona anaendeleaje. Nilimkuta amesimama jikoni, sufuria ya kabichi na tambi inachemka nyuma yake, bastola ameinyoosha kuelekea ukuta wa matofali, na juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, kuna sarafu ya senti kumi imelala. Anavuta kifyatulio hadi kinyundo kipige. Senti ikibaki, anavuta tena. Ikianguka, Andy anapiga kelele kutoka kitini kwake: "Chini!" na kuweka alama kwenye karatasi. Mwanamume yule alikuwa amepata kazi, na aliifanya kwa ukali kuliko msimamizi yeyote wa mgodi.

"Jana ilianguka mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara kumi na nne kwa mia tatu," Andy akasema, akakohoa, akafuta mdomo. "Leo mpaka sasa mara mbili. Usimsemeshe, Emil, utamharibia."

Nilikula kabichi nikaondoka. Njiani nilijikuta natabasamu peke yangu.

Siku ya mtihani ilikuwa ya baridi. Tulikusanyika kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya karakana ya malori, askari kumi na wawili, na mkuu wa jela, Bwana Tilford, ambaye kwa kawaida hakuja. Alikuja kwa sababu mambo ya Verna yalikuwa yanazungumzwa hadi kanisani.

Sasa, kanuni iliyoandikwa ilisema risasi zote zipigwe kwa kuvuta moja kwa moja. Lakini hakuna aliyeifuata. Wanaume wote walikoki kinyundo kwanza, yaani walikivuta nyuma kwa kidole gumba, kisha wakagusa kifyatulio kidogo tu, maana kikishakokiwa kinakuwa chepesi hata mtoto angeweza. Verna alipochukua nafasi yake, Sajini akafungua daftari la kanuni, akalisoma kwa sauti kama anasoma Injili.

"Bila kukoki, mama. Kanuni ni kanuni."

Askari wakaguna. Verna akamgeukia Bwana Tilford. "Ni ya wote, bwana, au ni yangu peke yangu?"

Tilford akamwangalia Sajini, akaangalia daftari. "Ya wote," akasema. "Na mkufunzi atatuonyesha, akishamaliza mama."

Niliona shingo ya Sajini ikibadilika rangi.

Verna akaanza. Duru kumi za risasi sita, akiwa hatua kumi na tano kutoka kwenye karatasi ya shabaha. Sitawadanganya kwamba alipiga haraka. Alipiga kama anayeshona kola: moja, inayofuata, inayofuata, bila haraka na bila kusita. Akimaliza duru anafungua silinda, anasukuma maganda, anajaza, na kuifunga kwa kiganja, taratibu, kama nilivyomwonyesha. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko bastola. Nilipokwenda kuhesabu matundu kwenye karatasi nilihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini macho yangu.

"Hamsini na tatu!" nikapaza sauti.

Askari wawili wa zamu ya mchana wakapiga makofi, kisha wakakumbuka Sajini yupo, wakayaacha hewani.

"Haiwezekani," Sajini akasema. "Bastola hiyo imelegezwa! Emil amekwangua kitu ndani yake ili ivutike kwa urahisi. Mwanamke wa cherehani, wiki sita, hamsini na tatu? Thubutu! Bwana Tilford, matokeo haya hayafai. Arudie na bastola nyingine."

Mimi na hasira zangu! Nilitaka kumrushia ndoo ya mchanga. Lakini Tilford alikuwa mtu wa taratibu, na kulegeza bastola ya jela bila idhini lilikuwa kosa kweli. Akanikazia macho. Nikaapa sikuigusa. Neno langu dhidi ya neno la Sajini, na pale katikati, mshahara wa Verna.

"Tutaamua baadaye," Tilford akasema. "Piga zako kwanza, Sajini."

Sajini akaingia na Bibi Harusi wake. Na pale ndipo alipofanya lile nililomkataza mara mia. Kila baada ya kujaza risasi, badala ya kuifunga silinda kwa mkono, aliirusha kwa kutikisa kifundo, klak, kama wanavyofanya kwenye sinema. Inapendeza sana kuitazama. Ila ule mkono mwembamba wa chuma unaoshikilia silinda unapinda kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, na yeye alikuwa amefanya hivyo miaka sita. Duru tano alifika, ishirini na nne ndani ya duara, si mbaya. Duru ya sita, klak, akalenga, akavuta. Silinda haikuzunguka. Akavuta tena hadi mishipa ikamtoka shingoni. Wapi!

"Bastola mbovu hii!" akafoka.

"Bastola nzuri kabisa," nikasema. "Aliyeifunga ndiye mbovu."

Kwa kanuni, silaha ikikwama kwa uzembe wa mwenyewe, mtihani umekwisha. Tilford alikuwa ameshafungua kalamu. Ndipo Verna akasogea mbele, ameshika Nyumbu, silinda wazi, tupu, mpini umeelekezwa kwa Sajini.

"Amalizie kwa hii," akasema. "Si anasema imelegezwa? Itamsaidia."

Tilford akafunga kalamu yake taratibu, na nadhani alitabasamu. "Chukua, Sajini."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akajaza risasi, na safari hii akaifunga kwa kiganja, maana nilikuwa nimesimama karibu. Akalenga. Akavuta. Kidole kikasafiri, kikasafiri, mtutu ukaanza kutetemeka kama mzee anayebeba uji, na risasi ikaenda kuchimba udongo chini ya karatasi. Ya pili ikapita juu. Ya tatu akasimama, akashusha mikono, akatoa sauti kutoka rohoni:

"Mungu wangu, nzito hii! Mtu anaivutaje?"

Askari mmoja akacheka puani. Kisha mwingine. Sajini mwenyewe alikuwa wa mwisho kuelewa alichokisema.

"Nilidhani imelegezwa," Bwana Tilford akasema.

Hapo uwanja mzima ulilipuka. Watu waliinama wakijishika mbavu, mimi nilicheka hadi machozi, na wale wawili wa zamu ya mchana wakayamalizia makofi yao. Sajini akamaliza risasi zilizobaki kwa sababu Tilford alimwamuru amalize. Jumla yake ilikuwa thelathini na tisa. Tilford akaandika kwenye daftari, mbele yetu, kwamba Verna Hudak ni askari wa jela kuanzia siku ile, na kwamba Merle Stauffer arudie mtihani baada ya wiki sita.

Verna hakucheka. Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa mkono wa koti, akaja kuichukua bastola yake. Sajini hakumpa mara moja. Aliigeuza, akaangalia ule ufa wa mpini, ile rangi ya sufuria.

"Umeifanya nini?" akamuuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kusikilizwa na watu.

"Nimeivuta," Verna akasema. "Mara elfu kumi na mbili. Njoo kwangu Jumamosi saa nne. Senti kumi uje nayo mwenyewe, yangu imeshazoea."

Nilisema hatakwenda. Niliweka hata dau la chakula cha mchana, nikaliwa. Jumamosi ile Merle Stauffer alisimama katika jiko la Hudak, bastola tupu mkononi, senti juu ya mtutu, kabichi inachemka nyuma yake, na mtaa mzima, kwa vile dirisha lilikuwa wazi, ulisikia mapafu mabovu ya Andy yakipata nguvu ya ajabu:

"Chini! Sajini, chini tena!"