Mti wa Mgeni Rasmi

Niliichagua ile shule kwa sababu ya programu yake ya uongozi wa mazingira. Niseme ukweli wote: nilitaka kuwa mwenyekiti wake kabla hata sijaiona. Kijijini kwetu, karibu na mlango wa mto Ruvuma, nilikuwa nimejisomea mambo ya miti na udongo kwenye simu ya mama mdogo mpaka akawa ananifichia chaja. Nilidhani nakwenda Mtwara mjini kukutana na watu wenye wazimu kama wangu.

Nilikutana na fulana. Fulana za kijani zenye maandishi kifuani, na wimbo wa kusalimiana tuliouimba kwa kupiga makofi. Kila asubuhi sisi wasichana wageni wa kidato cha tano tulifagia majani na mifuko ya plastiki, tukavirundika nyuma ya jiko na kuvichoma. Kisha tuliingia darasani, huku tunakohoa, kujifunza madhara ya moshi. Nilicheka peke yangu. Mwalimu mlezi wa programu akaniuliza kinachonichekesha. Nikasema hakuna, halafu nikashinda mpaka jioni nikiogopa kwamba nimeshajiharibia.

Maana mwenyekiti angetangazwa siku ya uzinduzi wa programu, unaofanyika kila mwaka, na mwalimu huyo ndiye aliyekuwa akichagua. Kwa hiyo nilifanya kila alichosema, na nilimdharau kwa kila alichosema.

Siku moja kabla ya uzinduzi alikuja bwenini mbiombio. Mgeni rasmi wa mwaka jana anarudi! Mwaka jana alipanda mche mbele ya ofisi, wakaupigia makofi, wakausahau. Kilichokuwa kimebaki pale ni kibao chenye cheo chake.

"Atataka kuuona," mwalimu alisema. "Hebu, ule mwarobaini wa nyuma ya bweni una kimo gani?"

Ulikuwa umenizidi kidogo. Ndio mti pekee uliotupa kivuli pale tulipofulia nguo.

"Madamu, hiki ni kiangazi," nikasema. "Tukiuhamisha, mizizi itakatika. Labda tuupukutishe majani yote usipoteze maji, ndipo unaweza kupona."

"Mgeni aje apige picha na fimbo?" Wenzangu wakaangua kicheko. "Wewe, unautaka uenyekiti au huutaki?"

"Nautaka, Madamu."

"Basi kamata sululu, mwenyekiti."

Niliikamata. Mzizi mkuu uligoma kutoka, tukaukata kwa panga. Tukauburuta mti kama mgonjwa asiye na ndugu, tukausimika mbele ya ofisi na kuumwagia maji yetu ya kuoga. Mimi nilikinyoosha kibao mpaka kikasimama wima kabisa. Hata upuuzi siwezi kuufanya nusunusu.

Kesho yake, mgeni aliyetarajiwa asubuhi hakuwa amefika hata adhuhuri. Majani yalianza kulegea, kisha yakaning'inia.

"Mpepeeni!" mwalimu akaamuru.

Tukasimama wawili, viongozi wa mazingira wa kesho, tunaupepea mti kwa mifuniko ya ndoo.

"Kama bibi harusi," mwenzangu akaninong'oneza. "Bado hina tu."

Gari lilipofika, hakushuka mgeni rasmi. Mheshimiwa alikuwa amepata udhuru, akatuma mwakilishi, kijana mmoja ambaye hakuacha kutazama simu yake. Alisimama mbele ya mwarobaini ule, ambao hakuwahi kuuona wala kusikia habari zake.

"Huu mmeupanda leo?"

"Mwaka jana," mwalimu akajibu, bila hata kumeza mate.

"Hongereni. Unaendelea vizuri."

Akapiga picha, akaenda kukaa chini ya turubai. Nilisoma risala, itifaki ikazingatiwa, na nikatangazwa mwenyekiti. Ningependa kusema nilijisikia vibaya. Nilifurahi. Nilifurahi kwelikweli, na hilo ndilo linalonikera kuliko mwalimu, kuliko kijana wa simu, kuliko fulana zote za kijani.

Watu walipokwenda kula pilau, mimi nilirudi kwenye mti, nikaanza kuupukutisha majani kwa mikono. Mwalimu akaniona.

"Mwenyekiti, huli?"

"Nasafisha hapa, Madamu."

"Mnaona?" akawaambia wageni. "Huyo ndiye kiongozi."

Haikusaidia kitu. Nilikuwa nimechelewa, na mti ukakauka umesimama, kibao chake kimenyooka vilevile. Wakati wote wa jua kali tulifulia juani, na wenzangu hawakuacha kuniuliza, "Mwenyekiti, kivuli chetu umekipeleka ofisini?"

Mvua zilipoanza, kwenye lile shimo nyuma ya bweni, ule mzizi tulioukata ulichipua. Vichipukizi vinanifikia magotini sasa. Programu inanitaka nitoe taarifa ya kila mti unaoota shuleni, na mimi ni mtu wa kutoa taarifa kamili. Lakini vichipukizi hivyo sijavitaja. Nimevizungushia matofali, na juu yake ninaanika kanga yangu, hata siku ambayo sijafua. Mwalimu akiviona tu, atavitafutia kibao.