Taa za Kupunguza za Masanja

Usiniambie nilikuwa na njaa, wala usiniambie ni joto. Nilikuwa nimekula, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, saa kumi jioni, Mbekenyera. Na nikikumbuka, kinachonipanda si woga. Ni hasira.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Nachingwea. Mwanamke, ndiyo. Siku hiyo alinipigia simu Masanja, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia huku kutoka Kanda ya Ziwa. Alikuwa na basi dogo aliloling'oa viti akaligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, makabati.

"Balbu za haloji zinachoma kama pasi, dada, na zinamaliza betri," alisema. "Niwekee za LED. Lakini ziwe za kupunguza mwanga. Hilo usisahau."

Nikapanda bodaboda na balbu zangu sita mpaka Mbekenyera, alikoliegesha.

Kazi ilikuwa nyepesi. Nikang'oa za zamani, nikafunga mpya, nikaweka swichi ya kuzungusha karibu na kitanda. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa. Masanja alisimama nje, mlangoni. Nikawasha, mwanga ukajaa. Nikaanza kuupunguza, nione kama zitapepesa. Hazikupepesa. Ulipofika nusu, mwanamke alikuwa ameketi kitandani.

Niamini. Kitenge cha kijani, miguu peku. Nikaongeza mwanga: hayupo. Nikapunguza: yupo, na sasa amenishika mkono wa kushoto. Baridi ile! Utailinganisha na nini?

"Mwambie nimechoka," akasema. "Aniache niende."

Nikatoka mbio. "Kuna mtu ndani!"

Masanja akatabasamu. "Umemwona? Marehemu mke wangu. Zile za zamani zilikuwa kali mno. Nilikuwa namwona betri ikikaribia kuisha tu, taa zikififia."

Alijua! "Ukaniingiza humo bila kuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Nikampa ujumbe neno kwa neno: amechoka, anataka kwenda.

"Mke wangu hawezi kusema hivyo."

"Kamuulize!"

"Fundi, kazi yako imekwisha."

Nikashika bisibisi nikang'oe swichi yangu. Akanisukuma, akaingia, akafunga mlango kwa ndani. Nikamsikia akiongea taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Kisha nikasikia mwanamke akilia. Niligonga mlango ule mpaka ngumi zikavimba. Hakufungua.

Leo vidole vitatu vya mkono wangu wa kushoto, ule alioushika, havijui moto. Juzi niliviunguza kwa pasi ya kuchomelea nyaya, nikajua kwa harufu. Mikono ndiyo ugali wangu!

Basi lile ni jeupe. Watu wameliona Naipingo, wameliona Chiola, limeegeshwa na mapazia yake yamefungwa. Ukikaribishwa ndani, hata kwa chai, kataa. Na ukisikia mwanamke analia humo, simama hapo nje umtukane huyo mwanaume kwa sauti, mpaka kijiji kizima kitoke.