Kidole Gumba cha Baba

Kazini walimwita Boya, naye alilipokea jina hilo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kulikataa. Mtaani neno lenyewe lina maana nyingine, ya mtu anayedanganyika kirahisi, na waliomchagulia walilijua hilo vizuri sana. Lakini lilimfaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuelea baharini kando ya wageni wasiojua kuogelea vizuri, ili wapate cha kushika. Walimshika mkono, walimshika bega, na wengine, mwamba ulipokatika ghafla na chini kukawa giza, walimkumbatia shingo kwa nguvu ambazo mume wake hakuwahi kuzionyesha kabla ya kwenda zake.

Alhamisi hiyo alifika gatini akiwa hoi hata kabla ya kuanza kazi. Uchovu wake ulikuwa wa nyumbani, wa chumba cha nyuma chenye kitanda cha chuma, ambamo baba yake alikuwa amelala tangu kiharusi kilipompiga miezi saba iliyopita. Upande wa kulia ulikufa ganzi na kauli ikakatika, wakabaki na mkono wa kushoto na macho. Kila baada ya saa mbili alitakiwa kugeuzwa asije akaota vidonda. Mchana aliachiwa mke wa fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja, mama mwenye moyo safi na mdomo usiopumzika. Usiku ulikuwa wa Boya. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na alikuwa amesahau ladha ya usingizi.

Watu wakimuuliza hali ya mgonjwa, alisema wanamshukuru Mungu. Wakimuuliza mgonjwa mwenyewe, aliinua kidole gumba cha mkono wa kushoto, na hapo kila mtu alifurahi. "Mzee yuko ngangari!" walisema, wakaaga haraka kabla hajabadilisha jibu.

Jumapili iliyopita alikuja Kaka. Kaka alimzidi Boya miaka mitano, na alikuwa na gereji yake katika mji wa bara, safari ya saa tisa kwa gari, mahali ambapo maji mengi kuliko yote yalikuwa ndani ya tangi la juu ya paa. Alikuja na mfuko wa machungwa na uamuzi aliokwisha kuukata.

"Mzee namchukua," alisema akiwa bado amesimama mlangoni. "Wifi yako yupo nyumbani, atamwangalia. Wewe umechoka, mdogo wangu. Jitazame, kama mtu aliyefufuliwa jana."

Kisha akaenda kumwinamia mgonjwa na kupaza sauti, kana kwamba kiharusi kilikuwa kimekwenda na masikio pia. "Baba! Utakuja kukaa kwangu?"

Baba alimtazama muda mrefu. Akanyoosha kidole cha shahada upande aliposimama Boya, kisha akakikunja na kuinua kidole gumba.

"Umeona?" Kaka alisema, machozi yakimlengalenga. "Anakushukuru wewe, halafu anakubali. Jumamosi nakuja na gari."

Boya alitegemea angelia. Badala yake alijikuta anahesabu siku. Zilikuwa sita, na moyo ukawa mwepesi, na wepesi ule ukamtia aibu hadi akaenda kujifanya anaosha vyombo. Kwa maana jambo moja alilijua: mzee aliyeishi miaka sabini na moja karibu na maji, arobaini kati ya hiyo akiwa nahodha wa boti, ukimpeleka kulala kwenye mji wa vumbi, hatafika mbali. Alilijua, na bado alitaka Jumamosi ifike. Kama Baba amekubali kwa mkono wake mwenyewe, yeye Boya ni nani apinge?

Ndivyo alivyokuwa anajiambia asubuhi ile akisuuza miwani ya kuzamia. Alidondosha tone la shampuu ya watoto ndani ya kila kioo, akalisambaza kwa kidole ili kisishike ukungu, akasuuza tena. Boti ilikuwa imekodiwa nzima na watu wawili tu: mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke wa miaka sitini na minane, na binti yake aliyetaka kumfurahisha. Mwalimu alipanda akiwa amevaa kofia pana na soksi. Alisema amefundisha miaka thelathini na minane na sasa anataka kuwaona samaki wakiwa hai, kwa sababu wa kwenye sahani amewaona wa kutosha.

Nahodha wa siku hizo, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, aliyejifunza kazi chini ya Baba, alizungusha usukani na boti ikainua pua. Upepo ukaichukua ile kofia mara moja. Binti akapiga kelele, mwalimu akacheka, na Boya, aliyeketi kinyume na mwendo, akafumba macho kidogo tu. Alipofumbua walikuwa wameshafika kwenye mwamba na nahodha alikuwa anamtikisa goti.

"Umekoroma," alimwambia kwa upole.

Alijifuta uso, akasimama mbele ya wageni wake na kuanza maneno aliyoyasema mara elfu. "Majini mdomo umezibwa na mrija, kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Ukifanya duara hivi, kidole gumba kikutane na cha shahada, unasema uko sawa. Ukilaza kiganja na kukiyumbisha, kuna tatizo. Kidole gumba juu maana yake nitoe kwenye maji. Narudia, mwalimu. Hakina maana ya nzuri. Ni nitoe."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu wasikilize."

Wakaingia. Binti aliogelea peke yake bila shida, lakini mwalimu alimshika Boya mkono na kuubana kama mtoto anayevushwa barabara. Maji yalikuwa matulivu. Chini yao matumbawe yalikaa kimya na samaki wembamba wa manjano walipita makundi kwa makundi, na Boya, aliyekwisha kuwaona siku zote za maisha yake, alikuwa anapambana na kope zake ndani ya miwani. Kulala kifudifudi majini kuna hatari yake. Mwili unabebwa, masikio yanaziba, na mtu aliyenyimwa usingizi miezi saba anaanza kuiona bahari kama godoro.

Ghafla mwalimu alimvuta mkono. Boya alishtuka na kutazama. Kidole gumba cha mwalimu kilikuwa juu, kimesimama wima mbele ya miwani yake, kikitikiswa kwa haraka.

Hakuuliza. Alimpitishia mkono kifuani, akamgeuza chali, akapiga mateke kuelekea kwenye boti huku akipuliza filimbi. Nahodha alishusha ngazi, binti akarudi mbio, na wote watatu wakamsukuma mwalimu hadi akatua kwenye sakafu ya boti na kuvua mrija.

"Mbona mmenitoa?" alifoka. "Kasa alikuwa palepale, mkubwa kama meza!"

"Uliinua kidole gumba, mwalimu."

"Si nilikuwa nakwambia ni mzuri!"

Kisha mwalimu akajiziba mdomo kwa kiganja, na macho yakamtoka. "Miaka thelathini na minane," alisema, "nimewafelisha watoto wa watu kwa kosa hilihili. Hawasomi swali!" Akaanza kucheka, na binti naye, na nahodha akashika tumbo lake kubwa kwa mikono miwili.

"Angekuwepo mzee wako hapa," nahodha alimwambia Boya huku akifuta machozi, "pasingekalika. Unakumbuka harusi ya mwanangu? Mpiga picha anamwambia, mzee, inua kidole gumba. Akamjibu, nimezama wapi hata nitolewe? Watu hoi! Yule mtu hajawahi kukiinua kidole hicho nchi kavu. Hata siku moja."

Boya alikuwa anacheka pamoja nao, kisha kicheko kikamkauka.

Hata siku moja. Na sasa kwa miezi saba alikuwa anakiinua asubuhi na jioni, kwa jirani, kwa daktari, kwa Kaka, kwa kila aliyechungulia mlangoni. Na yeye Boya, anayelipwa kuzijua ishara hizo, aliyezifundishwa na mkono uleule wa Baba, alikuwa anaweka sahani mezani na kusema sawa, Baba, vizuri. Nitoe. Alikuwa anasema nitoe, nao wanampongeza. Amtoe wapi? Kitandani? Chumbani? Au mzee alikuwa amechoka na dunia yenyewe na alikuwa anaomba ruhusa? Wazo hilo la mwisho lilimfanya ashike ukingo wa boti.

"Turudi majini?" mwalimu aliuliza. "Kasa huwa anasubiri?"

Walirudi. Kasa hakusubiri, lakini walimwona mwingine mdogo zaidi, na safari hii mwalimu alifanya duara kubwa la kujivunia kwa mikono yote miwili na nusura azame. Boya alimshika imara saa mbili nzima. Hakusinzia tena hata kidogo.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali uani. Mke wa fundi cherehani alikuwa anakunja mashuka yaliyokauka.

"Leo ameshinda vizuri," alisema. "Nimemuuliza mara tatu, mara tatu ameonyesha mlangoni, halafu kidole juu. Atakumiss huko aendako, masikini."

Boya aliingia na kufunga mlango. Chumba kilinukia dawa ya kuchua na sabuni. Alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akainua mkono na kufanya duara usoni pa baba yake, kama alivyowafanyia wageni asubuhi. Hakusema neno. Uko sawa?

Macho ya Baba yalibadilika. Yalimganda usoni, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu yalionekana ni ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alinyoosha kidole cha shahada kwenye kifua cha Boya, akakikunja, akainua kidole gumba.

"Nikutoe?" Boya alinong'ona. "Nikutoe wapi, Baba?"

Baba alipiga godoro kwa hasira. Akarudia, polepole, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa. Kidole kwake Boya. Gumba juu. Kwake Boya. Gumba juu.

Ndipo alipoelewa. Nahodha akikunyooshea wewe kidole na kuinua gumba, haombi kitu. Anatoa amri. Ameona midomo yako imekuwa ya buluu, ameona mateke yako yamelegea, na anakuambia kutoka juu ya boti: wewe, toka majini. Miezi saba mzee huyu alikuwa anamwamuru binti yake apumzike, na binti alikuwa anamjibu vizuri, Baba, huku akimgeuza upande wa pili.

Hasira ndiyo iliyotangulia. "Sasa nikitoka nani ataingia?" alimuuliza kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Nani? Niambie!" Kisha akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda cha chuma na kulia kilio kibaya, cha kwikwi na makamasi, ambacho hakuwa amekipatia nafasi tangu siku ya hospitali. Mkono wa kushoto ulimshika kisogoni na kukaa hapo, mzito.

Alipoinua kichwa alikuwa na swali moja tu. "Kwa Kaka. Unataka kwenda?"

Baba alilaza kiganja hewani na kukiyumbisha. Kulia, kushoto, kulia. Kuna tatizo. Halafu akamwonyesha tena kwa kidole, na Boya hakuhitaji kuona kilichofuata. Angekwenda. Angekwenda kulala kwenye ule mji wa vumbi, bila ubishi, ili yeye apate usingizi.

Alitoka uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akapiga simu. Kwenye gereji ya Kaka mtu alikuwa anagonga chuma.

"Kaka, Jumamosi usije na gari la kumbeba Baba."

"Kwani amebadili mawazo?"

"Hakuwahi kukubali. Tulimsoma vibaya, wote. Njoo wewe, na nguo zako za mwezi mzima. Utalala naye chumba kimoja."

"Mdogo wangu, unajua kabisa mimi nina gereji."

"Una gereji yenye mafundi watano. Mimi huku niko peke yangu, na leo nimelala kazini, Kaka, nikiwa nimeshika mkono wa mtu asiyejua kuogelea."

Kile chuma kiliacha kugongwa. Boya alikuwa amechoka mno kumwokoa kaka yake kutoka kwenye ukimya wake.

"Mimi sijui hata mtu anageuzwaje," Kaka alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Boya hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto.

"Hata mimi sikuwa najua," alisema Boya.