Doa la Kilomita Arobaini

Ofisini tulimwita Mwangwi. Miaka kumi na tisa alikaa mbele ya kioo cha rada ya mvua, na kila aliyeingia, hata mfagiaji, alipewa somo lilelile: rada inaita, mvua inaitikia. Ukiita polepole, unajua mvua ilipo. Ukiita harakaharaka, unajua kasi yake, lakini jibu la mvua ya mbali linakukuta umeshaita tena, nawe unadhani ni ya jirani.

"Vyote viwili huvipati, ndugu yangu," alikuwa akisema huku akicheka. Mimi nilishachoka kumsikiliza.

Wiki ile mkuu wetu alitaka kasi ya upepo tu. Akaiweka rada kwenye mwito wa haraka, akaifunga kwa nywila yake, akaenda mkutanoni na simu akaizima. Wakubwa bwana!

Saa nne asubuhi shemeji yake Mwangwi, rubani wa ndege ndogo, aliita kwenye redio. Alikuwa anakuja mjini hospitali, amembeba dada yake, mke wa Mwangwi, pamoja na binti yao wa miaka sita anayeumwa mapafu. Vumbi limetanda, haoni mbele. Mafuta yalitosha safari moja tu. Akirudi, ni kusubiri lori la mafuta la kesho.

"Shemeji, huko mbele kuna nini?"

Kiooni palikuwa na doa jekundu, kilomita arobaini kutoka kwetu, katikati ya njia yake, likija upande wetu. Dhoruba ya karibu, au jibu la dhoruba ya mbali. Mwangwi alibahatisha nywila mara tatu, mashine ikagoma. Nilimpigia mkuu mpaka nikakata tamaa. Sijawahi kujiona bure kama siku ile.

"Shemeji, nijibu basi!"

"Geuza," alisema Mwangwi.

Mkuu alirudi saa sita, ameshiba chai zake. Akafungua, akaweka mwito wa polepole. Doa likaruka hadi kilomita mia moja na tisini, nyuma kabisa ya uwanja alikotokea rubani. Njia ya kuja kwetu haikuwa na tone la mvua tangu asubuhi.

Simu ya Mwangwi ikalia. Alikuwa mkewe, na nilimsikia mtoto akivuta pumzi kwa shida.

"Mume wangu, kaka anasema ni wewe uliyeturudisha. Hiyo mvua iko wapi?"

Mwangwi alikitazama kioo.

"Inakuja kwenu," alisema.