Picha za Hoteli za Watu

Mtoto wa mjomba wangu alinitumia ujumbe kutoka Kerala, kusini mwa India, akisema amechoka kuonana na watalii wenzake na sasa angependa kuja Dubai akae nami siku chache, aone maisha halisi, kisha arudi kuendelea na safari yake. Nilikuwa nimesimama dukani Al Mankhool, nimemshika mteja mkono namnyunyizia manukato, mteja wa aina ile ya kunusa kila chupa halafu kwenda zake. Nikamjibu karibu. Ningejibu nini? Kwetu Mombasa ndugu hafungiwi mlango, hata kama mlango wenyewe si wako.

Jamaa huyu amekulia Nairobi, kwenye nyumba ya bustani, mlinzi na mbwa wanaokula nyama kila siku. Baba yake ana kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Chuo alimaliza, kazi aliyotafutiwa akaikataa, akanunua begi la mgongoni lenye kamba na vifungo vya kila aina, akaanza kuizunguka dunia kimaskini. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake. Alikuwa na ukurasa mtandaoni ambako aliwasimulia watu alivyolala kwenye sakafu ya stesheni, alivyokula wali juu ya jani la mgomba, alivyopanda treni akasimama usiku kucha. Watu walimsoma na kumsifu kwa ujasiri. Mimi nilimsoma nikiwa kitandani nimechoka, nikajiuliza mbona wali naula kila siku na hakuna anayenisifu.

Chumba nilichokaa nilikiita changu kwa mazoea tu. Mtu wa mshahara wangu Dubai hakodi chumba, hukodi kitanda. Wenyewe tunaita bedspesi. Vitanda vilikuwa vya chuma, juu na chini, vimesogeleana hata ukinyoosha mkono usingizini unampiga jirani. Changu kilikuwa cha chini, pembeni mwa dirisha, na nilikifanya nyumba kwa kutundika leso mbele yake iwe pazia. Leso huuzwa mbili pamoja. Siku nilipoondoka, mama alizikata zake, moja akaniwekea kwenye sanduku na moja akabaki nayo. Nyuma ya kitambaa hicho nilivua, nilivaa, nililia mara moja moja, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mama hakujua habari za kitanda. Kwa mdomo sikuwahi kumdanganya. Ila kila Ijumaa baada ya sala, mimi na wenzangu wa dukani tulivaa mashati yaliyopigwa pasi, tukajirashia manukato ya arbab wetu, mwenye duka, tukaenda kupiga picha kwenye hoteli za watu. Kazi hii ina ustadi wake. Unaingia ukitazama simu, kama mtu anayesubiriwa. Unakaa kwenye sofa karibu na maua makubwa, mguu juu ya mguu. Mwenzako anapiga, mnabadilishana, mnatoka kabla mtu wa mapokezi hajaja kuuliza kwa adabu kama mnahitaji msaada. Kwenye hoteli moja ya ufukweni mlinzi wa mlangoni alikuwa Mganda, mtu wa watu, naye alitukonyeza supervaiza alipokwenda kula. Sijui ni Waafrika Mashariki wangapi wamelikalia sofa lile, na makwao kila mmoja anaaminika kuwa ndiye mwenye nalo.

Mama alizipokea picha akajijazia mwenyewe yaliyobaki. Aliwaambia majirani Kibokoni kwamba kampuni imenipa nyumba. Baba alipofariki, wale waliokuwa wakimtazama kwa huruma aliwanyamazisha kwa simu yake: mtoto wangu huyu hapa, mtazameni alivyokaa. Sikutaka apokonywe hilo. Ndiyo maana ujio wa ndugu yangu ulinitia hofu. Mtu anayezunguka dunia akiwinda maisha halisi alikuwa anakuja kuyapiga picha ya kwangu, na mama hakosi kitu kwenye kikundi cha familia.

Alifika Jumanne na begi lake. Wageni hawaruhusiwi, kwa hiyo nilimwambia msimamizi wa nyumba kwamba huyu ni mfanyakazi mpya anasubiri viza. Jamaa alisisimka kusikia hivyo kuliko kama angepewa zawadi. Aliingia chumbani, akatazama safu ya ndala mlangoni, sufuria chini ya vitanda, suruali zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu, akashika kifua.

"Bro, hii ndiyo real sasa," alisema. "Kerala kulikuwa poa, lakini hii iko raw kabisa."

"Piga unachotaka, lakini mimi nisitokee," nikamwambia. "Mama hajui."

"Relax. Sura siweki. Naweka mood tu."

Nilimwachia kitanda, maana mgeni hupewa kitanda, mimi nikatandika mkeka kati ya ndala. Aliyelala juu alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu wa Kerala hukohuko, ambaye alfajiri basi la kampuni lilimzoa kumpeleka kazini Al Quoz. Aliposikia kwamba mgeni ametoka kwao alikaa kitako kwa furaha. Akamuuliza kwa Kiingereza chake kule alifikia kwa nani.

"Kwa yeyote. Nililala ufukweni," ndugu yangu akajibu, akajinyoosha kidogo ili asifiwe.

Fundi aliinama kutoka kitandani kwake. "Hakuna hata mmoja aliyekukaribisha?"

Alimhurumia kikweli. Kesho yake jioni alimletea wali na samaki aliyempika kwa mkono wake, wa bizari na nazi kama wa kwa mama yake, akamsihi asione haya. Jamaa alimshukuru, akainua sahani hadi kwenye mwanga wa dirisha, akaipiga picha kutoka pande zote. Alipokuja kuonja, chakula kilikuwa kimepoa.

Kunguni ndio walionitetea. Ijumaa asubuhi ndugu yangu aliamka shingo na mikono vimevimba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akijikuna bila kusema maneno ya kishujaa.

"Na-need break," alisema hatimaye.

"Kupumzika na nini?"

"Kusafiri hivi kunachosha, bro. Mentally."

Nilikuwa sijui kwamba kutembea bila kazi nako kuna likizo yake. Kumbe alikuwa ameshakodi chumba kwa simu, kwa kadi ya baba yake, kwenye hoteli ya ufukweni. Akaniomba mambo mawili. La kwanza, nimsaidie begi, kwa sababu mabega yalikuwa yanamwasha. La pili, asijue mtu. Wasomaji wake walimwamini kuwa mtu wa sakafuni. Ikibidi, chumba kile ni changu mimi, nimekipata kazini. Kwa shukrani angenipigia picha za maana, si zile za sofa.

Nikakubali haraka mno. Naona aibu nikikumbuka nilivyokubali, lakini nilikuwa naona uso wa mama.

Hoteli ilikuwa ileile ya Mganda. Aliponiona akanyanyua kidole kuniashiria supervaiza yupo, nisikae.

"Leo sikai. Napanda juu," nikamwambia.

Akalitazama begi mgongoni mwangu, akamtazama ndugu yangu aliyetangulia mikono mitupu, akanipa mkono. "Hongera sana. Wamekuchukua lini?"

Chumba chake kingemeza chetu pamoja na jiko na msimamizi. Kulikuwa na beseni la kuogea ambamo mtu mzima angeweza kulala, na karatasi nzuri ya kukuwezesha kuchagua mto: wa manyoya, wa sponji, wa shingo inayouma. Ndugu yangu, aliyekuwa ameandika sifa za choo cha shimo nyuma ya hekalu, alipiga simu mapokezi kulalamika kwamba mto wa kwanza umejaa sana. Wakaleta mwingine. Huo nao ukawa mlaini mno. Baadaye nilisoma alichoandika kuhusu Dubai, siku zote za kwenye kitanda cha chuma, nami nikiwa humo "mwenyeji mnyenyekevu mwenye tabasamu". Habari za mto hazikuwemo.

Picha, haki ya Mungu, anajua kupiga. Alinivisha joho jeupe la taulo, akanikalisha kitandani na kikombe cha kahawa mkononi, bahari nyuma yangu. Nilivyotoka, hata mimi nilijiheshimu. Nikaituma kwa kikundi cha familia nikaongeza na salamu za Ijumaa. Yeye akaingia kwenye beseni na simu yake, na huko, maji yakiwa shingoni, akaweka kwenye ukurasa wake picha yake akiwa kwenye kitanda changu, macho ya huzuni, mkono mmoja umeshika pazia. Sura yangu haikuwemo. Neno alilishika.

Haikuchukua muda. Mama yake huwa hapitwi na ukurasa ule, akaichukua ile picha akaileta kwenye kikundi, ikakaa chini ya yangu. Joho na kahawa juu, kitanda cha chuma chini. Halafu zikaanza jumbe za sauti. Mkaza mjomba alikuwa analia: mimi nina chumba kama ukumbi wa arusi na mwanawe nimemwacha kwenye shimo na wabeba zege. Shangazi akasema pesa imenibadilisha. Mjomba, mwenye ile kadi, akaandika kwamba hakutarajia haya kutoka kwa damu yake.

Nilikwenda mlangoni mwa bafu nikamweleza yote.

"Usijibu," alisema, akageuza bomba la moto kwa kidole cha mguu. "Itapoa tu."

Nilitamani kumzamisha. Kabla sijaamua, mama akapiga simu. Dubai simu za mtandao zimefungwa, kwa hiyo alikuwa ametumia kredi yake, na mama hachezei kredi. Nikatoka roshani nikafunga mlango wa kioo.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Na huyo mtoto wa mjomba wako yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anaoga."

"Hapo kwako?"

"Ndiyo."

Nilisikia jirani akiita hodi upande wake, na mama akimjibu angoje kidogo. Halafu akashusha sauti.

"Basi leso yangu yafanyani kwenye kitanda chake?"

Nikaanza kusema kwamba leso zinafanana.

"Usinitungie kitu," mama akasema. "Mwenzake nimejifunga hapa nilipo. Tangu lini walala hapo?"

"Tangu nilipokuja."

"Hata baba yako alipokuwa hai."

"Hata wakati huo."

Nilingojea alie. Mama si mtu wa kulia kwa kredi. Aliniambia leso nimeitundika kichwa chini, maandishi yote yamepinduka, mtu aliyelelewa na mama hatundiki leso hivyo. Akasema kwenye kikundi ataninyamazia, na mimi nisijitetee, kwa sababu mkaza mjomba akijua ukweli Kibokoni nzima itaujua kabla ya magharibi. Za hoteli niendelee kutuma, majirani wamezizoea.

"Lakini hizo peleka kwa kikundi," akasema. "Mimi nitumie unapolala."

Akakata. Nilivua joho, nikavaa shati langu, nikamwambia ndugu yangu kupitia mlango kwamba nimekwenda. Aliuliza kama ningeweza kumpitishia dawa ya kunguni kesho.

Nilipofika chumbani fundi alikuwa anapika. Nilitoa shuka alilolalia mgeni, nikaishusha leso, nikaitundika sawa, maandishi yasomeke. Nikapiga picha ya kitanda kizima, mto na pazia na sanduku langu chini, nikaituma kwa mama peke yake. Nilikaa nikishikilia simu.

Jibu lilikuja kabla sijavua viatu. Foronya chafu, aliandika. Ifue.